Teke la Bunduki Si la Begani Tu

Wiki mbili zilizopita, baada ya sala ya Isha, simu yangu ililia. Alikuwa mpwa wangu, mwana wa dada yangu, ambaye huu ni mwaka wake wa kumi na tano Marekani, katika mji wa Columbus, jimbo la Ohio. Akanipa shikamoo, nami nikampa marahaba, tukaulizana habari za wazima na wagonjwa. Kisha akanyamaza kidogo, kama anyamazavyo mtu mwenye haja asiyejua pa kuianzia. Mwisho akasema: "Mjomba, nataka kununua bunduki ya kuweka nyumbani. Lakini mke wangu mikono yake haina nguvu, na mama naye ana baridi yabisi. Nataka isiyopiga teke sana. Wewe uliwahi kupiga bunduki ya babu kule shamba. Wanipa shauri gani?"

Nakiri, msomaji wangu, kwamba jambo la kwanza lililonijia ulimini lilikuwa ni kumhutubia. Sisi tuliolelewa chuoni, tukakalia jamvi mbele ya mwalimu na fimbo yake, tuna maradhi hayo: mtu akituuliza njia ya sokoni, sisi humtajia njia ya peponi. Lakini nilijizuia. Hofu haiondoki kwa hotuba, na hofu ya kijana huyu si ya kuchekwa. Yeye ni dereva wa lori, na kazi yake humtoa nyumbani siku tatu hata nne mfululizo. Nyuma yake humwacha mkewe, mamake mzazi, mwanawe wa kiume wa miaka 17, na wasichana wawili wadogo. Katika mtaa wake nyumba mbili zimevunjwa kwa muda wa mwezi mmoja, na moja ilivunjwa wenyewe wamelala ndani. Mwanamume ambaye hali kama hiyo haimkoseshi usingizi ana kasoro.

Basi nilimwambia anipe muda. Jibu lenyewe naliandika hapa, kwani najua kwamba hapa pwani nyumba nyingi zina mwana au binti aliyevuka bahari, na kwamba hata huku kwetu wako wenye uwezo wanaouliza swali lilo hilo wakiwa wamekaa barazani. Na nitaanza pale alipoanza yeye, yaani kwenye teke, kwa sababu mtu aliyeulizwa swali hana budi kulijibu kabla ya kuleta la kwake.

Teke la bunduki nalijua. Babu yangu alikuwa na shamba upande wa Kilifi, na alikuwa na bunduki ya marisau kwa kibali cha serikali, ya kuwafukuza nyani na nguruwe waliokuwa wakiyamaliza mahindi. Nilikuwa na umri wa miaka 12 aliponiruhusu kuipiga. Mimi niliiogopa, na kwa kuiogopa nikakiweka kitako mbali kidogo na bega. Nilipofyatua, nilijiona nimekaa chini ya mkorosho, na bega limekufa ganzi. Babu alicheka mpaka akafuta machozi. Jioni akanikanda kwa mafuta ya nazi yaliyopashwa moto, akaniambia kwamba bunduki ni kama mgeni mkubwa: ukimkumbatia hutulia, ukimpokea kwa mbali atakusukuma.

Babu hakusoma elimu ya vitu na mwendo, lakini alisema kweli. Kila kitu kisukumwacho mbele humsukuma nyuma mwenye kukisukuma. Sisi watu wa bahari hatuhitaji kitabu kulielewa hili. Ruka kutoka kwenye mtumbwi kwenda gatini, mtumbwi utakimbia nyuma na huenda ukaangukia majini. Ruka kutoka kwenye jahazi lililosheheni boriti, jahazi halitatikisika. Mrukaji ni yule yule na nguvu zake ni zile zile. Lililobadilika ni uzito wa chombo. Na bunduki ni hivyo hivyo. Bunduki mbili zikitoa risasi ya namna moja kwa kasi moja, na moja ikawa na uzito maradufu ya mwenziwe, ile nzito itarudi nyuma kwa nusu ya kasi ya ile nyepesi, na nguvu ya pigo lake itakuwa nusu vilevile.

Hapa ndipo watu wengi wanapopotezwa dukani. Mwanamke mwenye mkono mdogo huonyeshwa bastola ndogo, kana kwamba ananunua pete. Aghalabu huwa ni rivolva ya mtutu mfupi, ile ambayo risasi zake hukaa ndani ya kikombe kinachozunguka, iliyotengenezwa kwa madini mepesi ili ienee mkobani. Waama, hiyo huwa kali kuliko ndugu zake wakubwa, kwa sababu risasi yake ni ile ile na uzito wake umepunguzwa. Atakayeipiga mara moja atafumba macho mara ya pili, na anayefumba macho hajui risasi yake imekwenda wapi.

Risasi nayo ina mambo yake. Iko ndogo kabisa iitwayo .22, ambayo teke lake hata mtoto halimsumbui. Lakini nguvu zake ni chache, na baruti yake huwashwa kwa kugongwa ukingoni mwa ganda, jambo ambalo mara nyingine hukataa kushika. Iko ya .380, iko ya .38 Special ambayo imetumika katika rivolva tangu mwaka 1898, na iko ya milimita 9 iliyobuniwa Ujerumani mwanzoni mwa karne iliyopita, ambayo hivi leo polisi wengi duniani huitumia. Bastola ya milimita 9 yenye umbo kamili na uzito wa kutosha, ikishikwa kwa mikono miwili, haimshindi mtu mzima wa kawaida. Lakini bastola za namna hii hujipakia zenyewe, na zina mambo mawili yanayomhusu mwenye mikono dhaifu. La kwanza, kuipakia risasi ya mwanzo kunataka kuvuta nyuma kifuniko chake cha juu, na kifuniko hicho kina springi ngumu. Mwenye baridi yabisi huenda asikiweze, ingawa wako mafundi ambao sasa huzitengeneza kwa springi laini kwa ajili ya watu kama hao. La pili, kiganja kikilegea bastola ikirudi nyuma, ganda huweza kukwama na isipige tena.

Bunduki ya marisau kama ya babu hupimwa kwa hesabu ya kale. Geji ya 12 maana yake ni kwamba ukiigawa ratili moja ya risasi tupu iwe tufe 12 zilizo sawa, kila tufe itaenea ndani ya mtutu wake. Geji ya 20 ni tufe 20 kwa ratili, kwa hivyo mtutu wake ni mwembamba zaidi na kwa kawaida teke lake ni dogo zaidi. Mpira laini mwishoni mwa kitako husaidia. Mtambo unaotumia sehemu ya moshi wa baruti kujipakia wenyewe pia husaidia, kwani hulinyoosha pigo kwa muda mrefu kidogo, nalo badala ya kugonga husukuma. Kisha ziko bunduki ndefu nyepesi za risasi ya .223, ambazo Marekani zimeenea sana, na teke lake ni dogo mno likilinganishwa na la geji ya 12.

Hilo ndilo jibu la swali aliloniuliza, na kwa ufupi ni hivi: usitazame udogo wa silaha, tazama uzito wake, usinunue usichokijaribu uwanjani kwa mikono ya yule atakayekitumia, na mkono usioweza kukipakia si mkono wa kukimiliki. Mtu angeweza kuishia hapa. Mwuzaji, yeye, huishia hapa.

Lakini mimi nilizidi kulitafakari swali la mpwa wangu, na kila nilipolitafakari nikaona kwamba teke la begani ndilo dogo kuliko yote. Bega langu lilipona kwa siku nne.

Kuna usiku mmoja ambao sijawahi kuuandika. Ilikuwa Agosti 1997. Usiku wa tarehe 13 watu wenye silaha walikishambulia kituo cha polisi cha Likoni, wakaua maafisa na kuchukua bunduki, na siku zilizofuata ng'ambo ile ikachafuka kwa mauaji na kuchomwa moto nyumba na vibanda. Maelfu ya watu walihama. Mimi nilikuwa nimeoa karibuni, nikikaa Mji wa Kale hapa Mombasa pamoja na mke wangu, mama yangu, na ndugu yangu mdogo. Kila usiku tulisikia uvumi mpya, na kila uvumi ulikuwa na miguu mirefu kuliko wa jana yake. Nikanunua panga, nikalinoa, nikalilaza chini ya kitanda.

Usiku mmoja, yapata saa tisa, nikasikia mlango wa uani ukifunguliwa taratibu. Ndugu yangu nilijua amelala kwa rafiki yake mtaa wa pili. Taa sikuiwasha, kwa kuogopa kuonekana. Sauti sikutoa, kwa kuogopa kusikika. Nikasimama nyuma ya mlango wa ukumbi, na kivuli kilipoingia nikapiga.

Panga liliingia katika mwimo wa mlango, shubiri moja na shingo ya ndugu yangu. Lilizama hata ilinibidi niweke mguu ukutani ili kulichomoa. Yeye alikuwa amepata khofu huko alikokuwa, akaona heri arudi kwa mamake. Hodi hakupiga, kwa kuogopa sauti yake isisikike njiani. Yaani mimi nilinyamaza kwa khofu, naye alinyamaza kwa khofu, na katikati ya kimya hicho nikakaribia kumchinja mwana wa mama yangu. Leo ana watoto watano. Hatujapata kulizungumza. Ule mwimo umepakwa rangi mara nyingi tangu siku ile, na alama bado ipo.

Sasa fikiri, ndugu msomaji: lau mkononi ningekuwa na ile bastola nzuri, nzito kiasi, isiyo na teke, iliyokaa vizuri kiganjani. Hapangekuwa na mwimo wa kuipokea. Na kama risasi ya kwanza ingekosa, ya pili ingefuata upesi, kwa maana hiyo ndiyo sifa ya silaha isiyo na teke: hukuwezesha kurudia kabla hujafikiri. Tunanunua wepesi, na wepesi huo haujui kumchagua mwizi na kumwacha ndugu.

Hebu tuitazame nyumba ya mpwa wangu usiku wa manane, yeye mwenyewe akiwa barabarani na lori lake. Dada yangu ni mtu wa tahajudi. Huamka saa tisa, hushuka ngazi polepole kwa sababu ya magoti yake, huenda kutawadha, na taa hawashi ili asiwaamshe wajukuu. Yule kijana wa miaka 17 hufanya kazi ya jioni katika ghala, na hurudi saa saba usiku. Wasichana huamka kutaka maji. Mke wa mpwa wangu amelala peke yake ghorofani, masikio wazi, moyo juu. Katika nyumba ile, kila usiku wa Mungu, kuna mtu anayetembea gizani, na kila usiku mtu huyo ni kipenzi cha nyumba. Mwizi huenda akaja usiku mmoja katika maisha yao, na huenda asije kabisa.

Tena nyumba za kule si kama zetu. Wakuu wetu wa Lamu walijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa, ukuta mnene wa karibu dhiraa moja. Nyumba nyingi za Marekani ni fremu za mbao zilizofunikwa kwa mabamba ya jasi. Risasi ya bastola hupita ukuta kama huo, ikapita na wa pili, na huenda ikafika kilipo kitanda cha mtoto. Mwenye kupiga huona mlango. Risasi haiuoni ukuta.

Liko na jambo jingine, ambalo sisi Waislamu hatupendi kulitamka, nami nitalitamka. Mwaka 2021 watu 48,830 walikufa kwa bunduki nchini Marekani, na zaidi ya nusu yao, watu 26,328, walijiua wenyewe. Mwaka 2020 jarida la matabibu liitwalo New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliowafuatia watu wazima wapatao milioni 26 wa jimbo la California kwa muda wa miaka 12. Ulionyesha kwamba wanaume wenye bastola walijiua kwa bunduki karibu mara 8 zaidi ya wanaume wasiokuwa nayo, na wanawake mara 35. Haisemwi kwamba chuma humtia mtu wazimu. Linalosemwa ni kwamba huzuni huja na kwenda kama maji ya bahari, na mtu akivuka usiku wake mbaya mara nyingi huishi; ila silaha iliyo karibu haimpi nafasi ya kungoja maji kupwa.

Twajua kwamba kujiua ni haramu, na kwa kuwa twajua, twadhani kwamba kwetu hakupo. Dada yangu ameniambia mara mbili, kwa sauti ya chini, kwamba mjukuu wake siku hizi hasemi, chakula anakila chumbani, na marafiki amewaacha. Yamkini ni ujana tu, nao utapita. Namwombea iwe hivyo. Lakini nyumba yenye kijana wa miaka 17 aliyenyamaza si nyumba ya kuingiza bastola mwaka huu, hata iwe na teke laini kama pamba.

Mpwa wangu alinijibu nilipomgusia haya, na jibu lake lina uzito. Alisema: "Mjomba, mwizi hapigi hodi." Kisha akanikumbusha mafundisho ya Mtume, sala na amani zimshukie, kwamba anayeuawa akiitetea mali yake ni shahidi. Kweli, hayo yamepokewa kwa sanadi sahihi, na asiyeyakubali hajitendei haki. Kuitetea nyumba si dhambi, ni wajibu.

Lakini dini iliyotupa haki hiyo ndiyo iliyotufundisha adabu ya silaha. Mtume huyo huyo alikataza mtu kumwelekezea ndugu yake silaha, akatutanabahisha kwamba hajui mtu, huenda shetani akauvuta mkono wake. Na aliwaamuru waliopita msikitini au sokoni na mishale waishike kwa ncha zake, asije akajeruhiwa mtu. Ajabu ya hayo ni kwamba yanawahusu watu wema walio kati ya watu wema. Wala hakuna adui katika msikiti ule. Kuna mkono na ncha tu, na nia njema haikuhesabiwa kuwa ni ala ya kutosha. Katika Suratun Nur tumeamrishwa tusiingie nyumba zisizo zetu mpaka tubishe na tutoe salamu, na hata watoto wa nyumbani wamewekewa nyakati tatu za kuomba ruhusa, mbili kati yake zikiwa kabla ya alfajiri na baada ya Isha. Angalieni nyakati hizo: ni saa za giza, saa ambazo mtu huweza kumdhania mtu.

Na mababu zetu waliielewa sheria hiyo wakaijenga kwa mawe. Nyumba ya Kiswahili ya zamani huanza na daka na viti vyake vya mawe, mgeni asimamapo akabisha. Ukivuka mlango huingii moja kwa moja. Kuna tekani, ambapo njia hupinda ili jicho la nje lisifike ndani. Kisha ua, kisha misana, na mwisho kabisa kuna ndani, chumba cha wenyewe. Kila hatua mtu hujulikana kwa sauti yake kabla hajaonekana kwa sura yake. Ulinzi wa nyumba hiyo haukuwa silaha, bali umbali na sauti.

Basi nimempa mpwa wangu shauri la namna hiyo, kwa nyumba ya mbao iliyoko Ohio. Kwanza, vitasa vya chuma vya kuingia ndani ya mwimo, na skurubu ndefu zishikazo fremu yenyewe, si ubao wa pambo. Pili, taa za nje zinazojiwasha mtu apitapo, na kataa kadogo ngazini kwa ajili ya magoti ya dada yangu. Tatu, hodi: yeyote arudiye usiku apige simu kabla hajatia ufunguo, na akiingia atoe salamu kwa sauti, hata kama ni mwenye nyumba. Nne, chumba kimoja ghorofani kiwe ndiyo ndani yao, chenye mlango mzito na kitasa na simu. Ukisikika msukosuko, watu wote wakusanyike humo, wahesabiane, waite polisi, wala asitoke mtu kwenda kupekua. Hapo ndipo mtu atakapojua kwa yakini kwamba aliye nje ya mlango ule si mama wala mwana. Mali iliyoko chini mwizi na achukue. Runinga haimlilii mtu.

Na kama baada ya hayo yote bado anaona hana budi, basi nimemwambia ukweli wake pia: iwe nzito, ijaribiwe na mkewe kwa mkono wake, wote wawili wafunzwe na mjuzi, ikae ndani ya sanduku la chuma lenye namba asizozijua kijana, na risasi zifungwe mbali nayo. Na isiingie mpaka yule kijana amekaa na mtu wa kumsikiliza, na nyumba imejua ana nini.

Wako watakaosema kwamba namnyima haki yake. La hasha. Hapa Kenya, Sheria ya Silaha, Sura ya 114, humtaka raia awe na cheti na sababu ya kukubalika kabla ya kumiliki bunduki. Kule kwao mambo ni mengine. Katiba yao ilitiwa nyongeza juu ya silaha mwaka 1791, na mwaka 2008 Mahakama yao Kuu Kabisa iliamua kwamba mtu ana haki ya kuweka bastola nyumbani kwa kujitetea. Tangu mwaka 2022 jimbo la Ohio limemruhusu mtu wa miaka 21, asiyekatazwa na sheria, kubeba bastola iliyofichwa bila kibali. Haki anayo. Lakini sisi tuliosoma vyuoni twajua tofauti ya kilicho halali na kilicho wajibu. Sheria imemwambia kwamba aweza. Kama yafaa, hilo ataliamua yeye, kwa kuwahesabu watu wake mmoja mmoja.

Juzi ameniletea ujumbe. Vitasa amevitia, taa amezitia. Jumapili alikwenda matembezi na mwanawe, wao wawili peke yao, jambo ambalo hawakulifanya tangu mwaka jana. Kuhusu bunduki amesema: "Bado nafikiri, mjomba." Nami nimemwambia afikiri. Kisha, kwa kuwa mkono wa mshairi hauachi ada yake, nimempelekea beti hizi mbili azibandike karibu na mlango:

Teke la bega ni dogo, dawa yake ni mafuta,
La moyoni ndilo pigo, halina wa kulifuta,
Kwanza imarisha ugo, na taa ukatafuta,
Piga hodi, mwana kwetu, nyumba isije kujuta.

Avukaye sebuleni, usiku akinyatia,
Huwa ni mama nyumbani, swala yamsubiria,
Au mwana wa kazini, ndipo kwanza aingia,
Piga hodi, mwana kwetu, nyumba isije kujuta.